Kwa nini kila gego likiuma jibu ni kung'oa? Waliotibu mzizi, waliovaa ya bandia na waliopandikiza, njooni hapa

#1 Mchaga_wa_Mbagala

Wakuu, salaam.

Gego langu la chini kulia, la pili kutoka mwisho, limetoboka. Lilianza kwa kushtuka nikinywa maji ya baridi. Sasa hivi linapiga lenyewe usiku bila hata kuguswa, na sikio la upande huo nalo linauma. Nimekwenda zahanati ya mtaani, jamaa kaliangalia kwa tochi, kaligonga na kile kichuma, kasema "hili la kung'oa". Picha hakuna, maelezo hakuna. Nikaenda kliniki nyingine mjini, wakapiga picha, daktari akasema mizizi bado imara na mfupa uko vizuri, litibiwe mzizi kisha livalishwe kofia (ganda gumu la bandia linalofunika jino lote). Bei ya huko inazidi ya kung'oa zaidi ya mara kumi.

Sasa swali langu si nifanye nini tu. Nataka kujua kwa nini kung'oa ndilo jibu la kwanza. Mama yangu upande wa kushoto ni ufizi mtupu, mzee hivyo hivyo, shangazi ndiyo usiseme. Kweli meno yote yale yalikuwa hayaponi? Au tunang'olewa kwa sababu ni rahisi kwa mng'oaji?

Nawasilisha. Matusi hapana.

#2 Kipara_Ngoto

Ng'oa mkuu ulale. Nimekaa siti ya mbele nasubiri madaktari wa humu.

#3 Binti_Chumbageni

Pole. Mimi langu nililing'oa nikiwa kidato cha nne, gego la kwanza la chini, lile linaloota mtoto akiwa na miaka sita. Hakuna aliyeniambia kwamba pengo nalo lina mambo yake. Taratibu jino la nyuma likalalia kwenye pengo, na la juu lililokuwa linakutana nalo likashuka, sasa nikitafuna linagusa ufizi wa chini. Nyama ikiingia pale najuta kwenda harusini. Nimetaka kuwekewa daraja (jino bandia linaloshikizwa kwenye majirani wa pengo), daktari anasema kwanza la juu lipunguzwe na la nyuma lisimamishwe kwa waya, ndipo tuongee habari za daraja. Niliyodhani nimeokoa kipindi kile nailipa leo na riba.

Kama uwezo upo, tibu.

#4 Tabibu_Mstaafu

Mleta uzi, nimekuwa tabibu wa meno wilayani mpaka nastaafu, chuo nilisoma Tanga. Hilo la "rahisi kwa mng'oaji" limenichoma kidogo, ngoja nijibu.

Mgonjwa wa kijijini haji jino likiwa linashtuka. Anakuja baada ya majani, baada ya karafuu, baada ya kutia maji ya betri kwenye tundu (ndiyo, maji ya betri, na wengine petroli), na baada ya kumeza Amoxi na diklofenaki za dukani mpaka tumbo limemchoka. Anafika shavu limejaa, mdomo haufunguki hata vidole viwili, na jino lenyewe limebaki magamba. Hapo utatibu mzizi wa nini? Kofia utaishikiza wapi?

Na hata lile linaloponyeka, kutibu mzizi wa gego kunataka picha, kunataka zile sindano nyembamba za kusafishia mifereji, kunataka taa nzuri na mgonjwa mmoja akukalie saa nzima kisha arudi tena. Nje benchi limejaa, wengine wametoka mbali kwa baiskeli. Kwa koleo nawamaliza wote kabla ya adhuhuri. Kwa mizizi namaliza wawili, na umeme ukikatika sina hata hao wawili. Tena tabibu hakufundishwa mizizi ya magego. Hiyo ni kazi ya daktari wa meno, na wilaya nyingi kwa miaka mingi hazikuwa naye. Kazi yangu ilikuwa kumtoa mtu kwenye maumivu, si kumuuzia tabasamu.

#5 Mbishi_Asilia

Tabibu, shikamoo. Nimekusoma yote na nakuheshimu, ila hoja yako inaeleza wilayani, haielezi Dar. Mleta uzi yuko Mbagala, umeme upo, picha zinapigwa kila kona.

Nadharia yangu ni hii. Kliniki ndogo ya mjini inang'oa kwa kuwa mgonjwa anakaa dakika chache, hela mkononi, na harudi kulalamika maana jino lenyewe halipo. Kliniki kubwa inatibu mzizi hata wa jino lisilostahili, kwa kuwa huko ndiko kwenye hela. Kwa hiyo hatima ya jino lako inategemea umeingia mlango upi. Fuata pesa utapata jibu.

#6 Kipara_Ngoto

Mbishi leo kaongea la maana. Nimeogopa.

#7 Mwana_wa_Ng'ambo

Jamani, mnakimbilia koleo na karafuu zipo. Sie huku Unguja jino likigonga unatia pamba yenye mafuta ya karafuu, usiku unalala. Babu yangu kafariki na meno yake na daktari wa meno hakumjua. Mswaki wake wa mti, na sukari hakuwa nayo ya kuchezea. Mie tatizo silioni kwa tabibu wala kliniki kubwa. Ni soda na biskuti, mtoto anaamka nazo analala nazo.

#8 DktKinywa

Mimi ni daktari wa meno, ninapofanyia kazi kuacheni. Nitajibu kwa vipande.

Kwa mleta uzi. Jino linaloshtuka kwa baridi kisha likatulia ndani ya sekunde chache, kiini chake (ile nyama yenye mishipa ya damu na fahamu iliyomo ndani ya jino) kimechokozwa tu. Mara nyingi ukisafisha uozo ukaziba, kinapona. Jino linaloendelea kuuma dakika nzima baada ya baridi kuondoka, au linalopiga lenyewe usiku kama lako, kiini kimeshaharibika kiasi cha kutorudi. Hapo kuziba peke yake hakutoshi. Zimebaki njia mbili, kutibu mzizi au kung'oa. Hivyo wote wawili uliowaona hawakusema uongo. Tofauti ni kwamba yule wa pili aliangalia kama jino lina mwili wa kutosha kubeba kofia na kama mfupa unaolishika ni mzima. Hilo kwa tochi halionekani.

Kutibu mzizi ni hivi. Unapigwa ganzi, jino linazungushiwa kipande cha mpira ili mate yasiingie, linatobolewa juu, kiini kinatolewa. Gego la chini kwa kawaida lina mizizi miwili yenye mifereji mitatu au minne, nyembamba, mingine imepinda. Tunaisafisha kwa sindano na kuiosha kwa dawa ambayo ni ndugu yake Jik, kisha tunaijaza utomvu mkavu wa mti fulani wa Asia ya Kusini-mashariki. Mfereji mmoja ukiachwa bila kusafishwa, jino linarudi kuuma, na ndiyo maana wengine watakuja hapa kusema "nilitibiwa na bado niling'oa". Kofia si urembo. Gego lililotobolewa kuta zake zimepungua nguvu, bila kofia linapasuka siku ya kwanza utakayokutana na jiwe kwenye maharage.

Kwa ndugu wa Unguja: mafuta ya karafuu yana kitu kinachoitwa yujenoli, kinatuliza kweli, na hata sisi tunakichanganya na unga wa zinki kutengeneza zibo la muda. Lakini kinatuliza tu, uozo hauondoki. Na ukimwagia ufizi mafuta makali, unaungua.

Kuhusu Amoxi na Flagyl: kiini kikishakufa hakina damu inayopita, dawa itafikaje ndani? Inapunguza uvimbe wa nje, mgonjwa anadhani kapona, baada ya muda anarudi na hali mbaya zaidi.

#9 Mzee_wa_Tukuyu

Daktari asante kwa shule. Nisaidie mawili. Kwanza, bibi yetu alikuwa anafukiza mbegu, mgonjwa anaachama juu ya moshi, na vijidudu vyeupe vinaonekana vinadondoka kwenye maji. Nimeviona kwa macho yangu. Pili, huku kwetu wanasema jino la juu, lile lililochongoka, ukiling'oa unapofuka.

#10 DktKinywa

Mzee, mdudu wa kuishi ndani ya jino hayupo. Uozo unatengenezwa na bakteria wasioonekana kwa macho, wanakula sukari na kutoa asidi. Vile vyeupe wengi wanasema ni sehemu ya mbegu zenyewe iliyopasuka kwa joto.

La jicho: mshipa wa fahamu wa jino na wa kuonea ni mbalimbali, kung'oa hakupofushi. Imani hiyo nadhani imetokana na kwamba jino la juu likiwa na usaha, uvimbe unapanda hadi jicho linafunga. Watu wakaogopa koleo badala ya kuogopa usaha. Na kwa magego ya juu kuna jambo jingine, mizizi yake imepakana na uwazi ulio ndani ya mfupa wa shavu. Mara chache likitoka linaacha tundu linalopitisha hewa kati ya kinywa na pua, ndipo mgonjwa anaambiwa asipenge kamasi kwa nguvu.

Uvimbe unaotisha kweli ni wa chini. Ukiona umevimba chini ya kidevu pande zote mbili, ulimi umeinuka, kumeza kunashindikana, mate yanakutoka, usingoje asubuhi. Mjerumani Ludwig aliueleza ugonjwa huo mwaka 1836 na mpaka leo unaua kwa kuziba njia ya hewa, na mara nyingi chanzo ni gego bovu la chini. Kwa mtu wa hivyo hatujadili kofia wala daraja. Anahitaji hospitali kubwa.

#11 Mbishi_Asilia

"Wengi wanasema", "nadhani". Daktari na wewe unapiga ramli?

#12 Kipara_Ngoto

Mbishi karudi kwenye hali yake ya kawaida. Nimepata amani.

#13 Wa_Kayole

Habari zenu majirani. Hapa Nairobi mambo ni yale yale, tofauti ni kwamba hapa utaambiwa habari ya kupandikiza hata kabla hujakaa vizuri kwa kiti. Yaani wanachimba mfupa wa taya, wanaweka skrubu ya titani, unangoja miezi, halafu jino linafungwa juu. Teknolojia ya Wajerumani ya miaka ya themanini. Mimi niliona bei nikasema asante, nikachagua daraja. Walichonga majirani wawili wa pengo, wakaweka meno matatu yaliyoshikana juu yao. Natafuna nyama choma vizuri tu. Shida ni kusafisha chini yake, lazima upitishe uzi maalumu, na mimi ni mvivu.

#14 Msomaji_Makini

Wa_Kayole, Wajerumani umewapa sifa isiyo yao. Ni Mswidi, Per-Ingvar Brånemark. Miaka ya hamsini alikuwa anachunguza damu ndani ya mifupa ya sungura kwa vifaa vya titani, akitaka kuvitoa akakuta mfupa umeshikamana navyo, havitoki. Mgonjwa wa kwanza wa meno alikuwa Gösta Larsson, mwaka 1965, kule Gothenburg. Alizaliwa na taya lenye kasoro, meno ya chini hana. Akafariki mwaka 2006 na vipandikizi vyake bado vinafanya kazi. Miaka arobaini na moja hiyo.

Miaka ya themanini ni pale dunia nzima ilipoanza kukubali, baada ya mkutano wa Toronto wa mwaka 1982.

#15 Kipara_Ngoto

Sungura ana titani, mimi nina pengo. Maisha haya.

#16 Wa_Kayole

@Msomaji_Makini bado bei ni ile ile, awe Mswidi awe Mjerumani 😂

#17 Dada_wa_Kinondoni

Na wanaokwenda Uturuki je? Binamu yangu karudi na meno meupe mpaka gizani unamwona. Alikuwa na meno mazima, yamepinda kidogo tu mbele. Wakamchonga yote, juu na chini, yakabaki vidude vidogo vyenye ncha, juu wakamvalisha kofia. Sasa mawili yanamuuma na anaogopa kusema nyumbani maana alikopa.

#18 DktKinywa

Dada, huo ndio upande wa pili wa mada hii ambao hausemwi. Gamba la nje la jino likichongwa halioti tena, na jino lililochongwa sana kiini chake kinaweza kufa baadaye. Meno yaliyopinda dawa yake ni kunyooshwa kwa waya. Kofia ina maisha yake, siku moja itabadilishwa, na kijana wa miaka ishirini na kitu ana kazi ya kuibadilisha mara kadhaa. Binamu yako aende akapigwe picha ya mizizi mapema, aibu aiweke pembeni.

Sasa kwa wenye pengo, nichambue kidogo kwa kuwa naona mmechanganya. Ya kuvaa na kuvua ndiyo nafuu na haichongi mtu, ila inacheza na wengine inawatapisha. Daraja ni zuri kama majirani wa pengo tayari ni wabovu na wangehitaji kofia hata hivyo. Kama ni wazima, mimi nachonga kwa huruma. Kipandikizi hakigusi majirani, ila kinataka mfupa, na mfupa wa pengo unaliwa. Ndani ya mwaka wa kwanza baada ya kung'oa, upana wake unaweza kupungua kwa karibu nusu. Binti_Chumbageni aliyekaa tangu kidato cha nne huenda akahitaji kuongezewa mfupa kwanza. Mvutaji sigara na mwenye kisukari kisichodhibitiwa, kipandikizi kinaweza kukataa kushika. Na wenye dawa za sindano za kuimarisha mifupa au za saratani iliyofika mfupani, msing'olewe wala kupandikizwa kabla hamjamwambia daktari. Taya linaweza kugoma kupona, mfupa ukabaki wazi.

#19 Mtoto_wa_Ngaramtoni

Mnaongelea meno kutoboka, sisi wa Arusha letu ni rangi. Nina meno ya kahawia tangu nayajua, mawili ya mbele yana vishimo. Nimefanya usaili nikicheka kwa kufunga mdomo. Mtu mmoja kaniambia nikihama Arusha miaka kadhaa na kunywa maji ya Dar yatasafika. Mwingine kaniambia ni magadi ya kupikia, mwingine kasema ni maji ya mto. Ukweli ni upi?

#20 Mchaga_wa_Mbagala

@Mtoto_wa_Ngaramtoni ndugu yangu, hata sisi wa Moshi tunayajua hayo. Yangu ya mbele yana madoa ila nimeyazoea.

#21 Msomaji_Makini

Hayatasafika kwa kuhama, aliyekuambia kakudanganya. Ni floridi. Ardhi ya volkano kuzunguka Meru na Kilimanjaro inayo nyingi, inaingia kwenye visima na mito. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na kuna vyanzo vya kaskazini vinavyozidi mara nyingi. Jino linapata doa wakati linatengenezwa ndani ya taya, yaani utotoni, hadi miaka minane hivi. Likishaota limeota na rangi yake. Ndiyo maana mtu mzima aliyehamia Arusha juzi hapati, ila mwanawe atakayezaliwa na kukulia huko anaweza kupata.

Na wa magadi naye hakukosea. Magadi ya huko nayo yana floridi, kwa hiyo makande na mboga vinaongeza mzigo. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kilichokuwa kinachuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa inachomwa, inasagwa chengachenga, maji yanapita, floridi inabaki humo.

Jirani wa Kenya atakuambia habari za Nakuru na Naivasha, Bonde la Ufa hilo hilo.

#22 Wa_Kayole

Kweli kabisa. Shemeji wa Naivasha wote kahawia. Ila meno magumu hayo, anafungua soda nayo.

#23 DktKinywa

Yenye vishimo si magumu, gamba lake ni dhaifu na linamegeka. Shemeji atumie kifungulio cha chupa.

Mtoto_wa_Ngaramtoni, matibabu yapo na yanategemea kina cha doa. La juu juu linasuguliwa kwa unga maalumu wenye asidi kidogo, au yanang'arishwa kwa dawa. La wastani linafunikwa kwa zibo la rangi ya jino upande wa mbele tu. Kofia ni kwa yaliyomegeka sana. Usikubali kuanzia kwenye kofia.

#24 Msimamizi

Tusiondoke kwenye mada. Na matangazo ya "dawa ya asili ya kuziba jino bila daktari" nimeyafuta, aliyeyaweka anajijua.

#25 Rider_wa_Buza

Ngoja na mimi nitoe yangu, inaingia kwenye mada kwa mlango wa nyuma. Mwaka juzi nilipata ajali na boda, nikatua kwa kidevu. Taya lilivunjika sehemu mbili, upande wa gego na karibu na sikio upande mwingine. Nikifunga mdomo meno hayakutani, la chini limeenda pembeni. Wakanifunga waya. Yaani meno ya juu yanazungushiwa chuma, ya chini yanazungushiwa chuma, halafu ya juu na ya chini yanafungwa pamoja ili taya lisicheze. Wiki kadhaa unaongea kwa meno yaliyobanwa, uji kwa mrija kupitia pengo la nyuma, supu ichujwe. Nilibaki mifupa.

Kitu ambacho sitasahau: siku ya kutoka hospitali nesi alinipa mkasi wa kukatia waya, akaufunga kwa kamba, niuvae shingoni. Akamwita mke wangu, akamwonyesha waya zipi za kukata nikitaka kutapika, asije akakata zisizo. Mke wangu alikuwa analala anaushika.

Na lile gego lililokuwa kwenye mstari wa mpasuko walilitoa. Zima kabisa. Kwa hiyo mleta uzi, kuna wakati jino zima linang'olewa kwa haki.

#26 Kipara_Ngoto

Rider, pole sana. Hapa nimeacha utani.

#27 DktKinywa

Pole. Gego likiwa kwenye mpasuko linatolewa kama limevunjika, limelegea au linazuia mifupa kukutana. Likiwa imara wengine huliacha. Siku hizi tunaweza pia kufunga mfupa kwa vipande vidogo vya titani na skrubu, mgonjwa anaanza kufungua mdomo mapema. Vinagharimu, ndiyo maana waya bado unatawala. Unafanya kazi nzuri tu ukifungwa vizuri.

Mpande boda na helmeti inayofunika kidevu. Ile ya bakuli inalinda fuvu, taya inaliacha.

#28 Mama_Wawili

Mimi nakuja na lingine zito. Mdogo wangu alianza kuvimba taya la chini, taratibu, bila maumivu. Hospitali ya kwanza wakasema jino, wakang'oa mawili. Uvimbe ukaendelea. Nyumbani wakasema karogwa. Alipofika kwa bingwa wa upasuaji wa kinywa na mataya, picha ikaonyesha mfupa umejaa vyumba vyumba kama sega la nyuki, wakakata kipande kupima, wakasema ameloblastoma. Wakaondoa taya upande mmoja, wakaweka chuma. Anaishi, anaongea, ana mtoto. Ila meno upande ule hana na uso umeingia kidogo. Tungejua mapema isingefika huko.

#29 DktKinywa

Mama, pole na hongereni kwa kumfikisha. Uvimbe huo unatoka kwenye chembe zinazotengeneza gamba la jino, unawapata sana vijana, na kwa wengi haumi, ndiyo maana wanachelewa. Hausambai kama saratani ila unakula mfupa. Ukikwanguliwa tu unarudi mara nyingi, kwa hiyo wanakata hadi kwenye mfupa mzima, sentimita moja hivi zaidi ya unapoonekana kuishia. Watu wakiona wanadhani daktari kazidisha.

Kanuni yangu kwa wote: taya linalovimba bila kuuma lipigwe picha kabla ya koleo.

#30 Msomaji_Makini

Kuongezea kwa Mama_Wawili: zipo njia za kurudisha taya. Wanachukua mfupa wa nyonga, au ule mwembamba wa pembeni mwa mguu pamoja na mishipa yake ya damu, wanaukata na kuukunja uwe umbo la taya, wanaunganisha mishipa shingoni. Huo wa mguu ulianza kutumika kwa taya la chini mwaka 1989, Hidalgo wa New York. Baadaye unaweza hata kupandikiziwa meno juu yake. Muulizeni bingwa wake kama anafaa.

#31 Mwana_Kampala

Naomba niseme jambo kwa wenye watoto, maana uvimbe wa taya wa mtoto ni habari nyingine. Ukikua haraka, kwa wiki, na meno yanalegea, huenda ni saratani iitwayo limfoma ya Burkitt. Yule Burkitt alikuwa daktari wa meno hapa hospitali ya Mulago, akaandika habari zake mwaka 1958.

#32 Msomaji_Makini

Hakuwa wa meno, alikuwa mpasuaji wa kawaida, mtu wa Ireland. Mengine sawa. Mwaka 1961 alizunguka na wenzake wawili kwa gari kutoka Kampala kwenda kusini, maili 10,000 hivi, wanauliza hospitali kwa hospitali nani ameona watoto wa namna hiyo. Wakagundua ugonjwa unafuata sehemu zenye joto na mvua, kule kwenye malaria. Virusi vyenye uhusiano nao vikaonekana London mwaka 1964.

Na huo matibabu yake ni dawa za saratani, si kukata taya. Unaitikia dawa vizuri ukiwahiwa.

#33 Mwana_Kampala

Mpasuaji, wa meno, alikuwa anashika mataya tu 😀 Ila umesema vizuri, ni dawa.

#34 Binti_Chumbageni

Na "meno ya plastiki" je? Jirani yangu Morogoro mtoto wake alikuwa na homa na kuharisha, wakampeleka kwa mama mmoja akamchokonoa ufizi, akatoa vitu vyeupe laini, wanasema ndiyo yaliyokuwa yanamuua.

#35 Tabibu_Mstaafu

Hivyo vyeupe ni vichipukizi vya meno halali ya mtoto, bado havijakomaa. Nimewapokea watoto wa hivyo wameishiwa damu, wengine na usaha. Homa na kuharisha havikutoka kwenye ufizi. Na ya kudumu yaliyoko chini nayo yanaweza kuharibika, yanaota na kasoro au hayaoti.

Mwana_Kampala atakuambia Uganda nako wapo wanaofanya.

Mnaona sasa? Mbishi anasema pesa. Mwana wa Ng'ambo anasema sukari. Mimi nasema jamii imezoea kwamba kitu kibovu kinywani kinatolewa, tangu mtoto mchanga. Mtu anakaa kwenye kiti anakuambia mwenyewe "ng'oa". Ukimwambia subiri, anakuona hujui kazi.

#36 Mbishi_Asilia

Tabibu, kazoea kwa sababu hakuna aliyewahi kumpa bei ya pili anayoiweza. Bima yangu mimi inalipa kung'oa bila swali. Kofia wamesema ni urembo, nijilipie. Mtu akipewa njia moja tu, ataipenda hiyo hiyo.

#37 Mwana_wa_Ng'ambo

Na asipokunywa soda haihitaji bima wala kofia. Mie nimemaliza.

#38 Mchaga_wa_Mbagala

Wakuu nashukuru sana, uzi umekuwa chuo. Mrejesho: nimeanza kutibu mzizi. Wamekuta mifereji minne, mmoja daktari aliutafuta mpaka jasho likamtoka. Usiku nimelala. Kofia nitailipa kidogo kidogo. Wakati huo huo picha imeonyesha lile la mwisho, la nyuma yake, limelala ndani ya mfupa linasukuma hili. Anasema nalo litoke, na hilo ni la kwenda kwa bingwa wa upasuaji. Haliumi kabisa. Nalitoa la nini?

#39 DktKinywa

Swali zuri na madaktari wenyewe hawajakubaliana. Kuna wanaotoa mapema kabla halijaleta uozo kwa jirani, na kuna wanaosema lisilosumbua liachwe likaguliwe kwa picha. La chini lililolala linapita jirani na mshipa unaoleta hisia za mdomo na kidevu. Ukiguswa, upande huo unaweza kubaki na ganzi kwa wiki au miezi, na kwa wachache moja kwa moja. Muulize bingwa mzizi uko umbali gani na mshipa. Kama unagusana, omba picha ya CT kabla. Na kama limeshaanza kuoza au kumega mzizi wa gego unalolitibu, basi mjadala umekwisha, litoke.

#40 Rider_wa_Buza

Langu la mwisho walilitoa siku hiyo hiyo ya waya. Mdomo wa chini kulia mpaka leo nikinywa chai sijui kama imemwagika.

#41 Mbishi_Asilia

Hiyo ni ajali, siyo jino. Usimtishe mwenzio.

#42 Rider_wa_Buza

Ulikuwepo?

#43 Kipara_Ngoto

Daktari naomba nije faragha, nina la juu linacheza.

#44 Mbishi_Asilia

Kipara aliyesema "ng'oa ulale" sasa anataka ushauri wa faragha 😂😂 Mpe bei ya Uturuki huyo.